Mzee wa Laana

Kwa miaka yote niliyomjua, watu wa Voi hawakumwita kwa jina lake. Walimwita kwa kazi aliyokuwa nayo kwenye runinga wakati huo, na kazi hiyo ikiisha, jina nalo lilibadilika. Alipoigiza daktari, akawa Daktari, na wanawake wa sokoni wakawa wanamsimamisha kati ya mafungu ya nyanya wamwonyeshe miguu iliyovimba. Alipoigiza afande, vijana wa boda boda walimpigia saluti, na mmoja wao asiyekuwa na leseni aligeuza pikipiki akatoroka kabla hajakumbuka kwamba afande mwenyewe alikuwa amebeba mfuko wa sukuma wiki. Jina la mwisho lilikuwa Mzee wa Laana. Hilo halikubadilika tena.

Tulikaa ploti moja mtaani Sofia. Chumba chake kilitazamana na changu, katikati kukiwa na ua wa saruji, kamba za nguo na mfereji mmoja wa maji. Mimi nilikuwa nikiandikia magazeti habari za kaunti: ndovu walioingia mashambani, visima vilivyokauka, mikutano ya ardhi isiyokwisha. Yeye alikuwa mwigizaji. Wote wawili tulikuwa watu wa kushinda nyumbani siku za kazi na kuondoka ghafla siku za mapumziko, na wanaume wawili wanaobaki kwenye ploti mchana, wengine wakiwa kazini, hatimaye huzoeana.

Jambo la kwanza kwake lilikuwa sauti. Ilikuwa nzito, haina haraka, na ilifika mwisho wa ua bila kupandishwa. Mama Saru, mwenye ploti, alisema mtu huyu hata akikuomba chumvi unahisi umesomewa hukumu. Lakini aliitumia kwa uchache mno. Nyumbani alikuwa mtu wa "haya" na "tutaona". Nilipomwuliza sababu alisema, "Maneno ninayolipwa kuyasema yananitosha."

Mazoezi aliyafanyia nje ya mji, kwenye njia za shamba la mkonge, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Wakataji mkonge walimzoea baada ya muda, ila mwanzoni walidhani ni mgonjwa wa akili. Siku moja alikuwa akirudiarudia maneno ya jambazi, "Toa kila kitu, na usigeuke," na mlinzi mmoja mgeni, aliyekuwa upande wa pili wa mistari ya mkonge, akaweka chini rungu, tochi, simu na chakula chake cha mchana, akaondoka bila kugeuka. Mwigizaji alimfuata na vitu vyake hadi langoni. Mlinzi alipokea vyote, kisha akamwuliza kwa upole, "Mzee, chakula umeonja?" Kisa hicho alikipenda. Ni kimoja kati ya vichache alivyovisimulia mwenyewe bila kuombwa.

Kabla ya runinga alikuwa mtu wa sinema, na katika sinema kazi yake ilikuwa kufa. Wageni walikuja Tsavo na magari yao, mahema yao na wapishi wao, wakapiga picha za simba na mapenzi, na kila mara alihitajika mwindaji haramu wa kupigwa risasi, au mwongoza njia wa kuliwa. "Mimi ndiye wa kufa kabla watazamaji hawajakaa vizuri," alisema. Alijua kufa kwa kuangukia ubavu, kwa kuangukia goti, na kwa kuendelea kutembea kidogo kama mtu ambaye habari haijamfikia. Hiyo ya mwisho aliiona kuwa ndiyo ya kweli.

Sinema mojawapo ilioneshwa katika ukumbi wa kanisa kule kwao Mghange, juu kabisa milimani, kwa mashine iliyoletwa na padri. Mama yake aliketi karibu naye mstari wa mbele. Mwanawe alipopigwa risasi ukutani, mama alipiga yowe, akamshika mkono huyu wa kando yake, akaukazia hadi sinema ikaisha. Baadaye, wakitembea kurudi nyumbani kwenye ukungu, alimwambia, "Nilijua uko hapa. Lakini na yule pale alikuwa wewe." Mwigizaji alisema katika maisha yake yote hakuna mtu aliyemweleza kazi yake vizuri zaidi ya hapo.

Alikuwa na misemo yake juu ya kazi, na alipoalikwa na shule za sekondari kuwaandaa wanafunzi kwa mashindano ya drama, aliwapa hiyo badala ya mafunzo. "Kamera haina macho, ina pua," aliwaambia. Maana yake, uongo hauonekani, unanuka. Mwanafunzi akipiga kelele jukwaani akidhani ndiyo hasira, alimsimamisha. "Usinipe hasira ya dukani. Nenda ukatafute yako pale ulipoiacha."

Yeye mwenyewe alifanya hivyohivyo. Alikuwa na ghala ndani yake. Akitakiwa kufurahi mbele ya kamera, alikumbuka siku maji ya bomba yalipofika kwao na mama yake akaosha miguu, akaikausha, akaiosha tena. Akitakiwa kulia, alikuwa na mbwa mmoja wa utotoni. Aliniambia mambo haya kwa ukawaida, kama fundi anayekuonyesha misumari iko kopo gani. Nilimwuliza kama vitu hivyo havichakai kwa kutumiwa. Akafikiri. "Furaha inachakaa," alisema. "Yule mbwa amebaki kidogo sana."

Na mtu huyu ambaye riziki yake ilikuwa kujifanya mtu mwingine, hakuweza kusema uongo mdogo hata wa kawaida. Alikuwa labda mtu wa pekee Voi aliyeweza kuambiwa kwa simu, "Uko wapi, tunakungoja," akajibu, "Bado niko kitandani." Mama Saru alipomwuliza kama kitambaa chake kipya kinampendeza, alikitazama kwa makini, akasema, "Hapana." Mama Saru hakumsemesha hadi Jumapili.

Hakujitazama kwenye runinga. Jioni ya kipindi chake, ploti nzima ilijazana kwa Mama Saru, watoto sakafuni, watu wazima mlangoni, na yeye alikuwa akitoka na beseni kufua nguo zake mfereji ukiwa huru. Tulimsikia ndani akitisha watu, akibembeleza, akikohoa kikohozi cha kifua kikuu, na nje tulimsikia akisuuza mashati.

Sasa nije kwenye laana.

Kilikuwa kipindi cha familia, kimetengenezwa Nairobi, naye aliigiza mzee ambaye mwanawe ameuza shamba la ukoo kwa siri. Sehemu tuliyoingoja wiki nzima ilikuwa ile ya mzee kumlaani kijana. Nilitarajia kelele. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akamtazama yule kijana muda mrefu mpaka ukaanza kujisikia vibaya kwa kutazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, kwamba barabara aliyoichagua haitamfikisha. Ni hayo tu.  Mle chumbani kwa Mama Saru mtoto mmoja alianza kulia. Mama Saru aliinuka, akazima runinga, akasema, "Hiyo si kuigiza."

Watu waliisambaza ile sehemu kwa simu. Ilifika Nairobi, Mombasa, ikafika Taveta na vijiji vya Chala kule mpakani. Akapata umaarufu ambao miaka yake yote ya kufa haikuwahi kumpa. Kituo kimoja cha redio kikamwalika, na mtangazaji akamwuliza swali ambalo kila mtu angemwuliza: ulifanyaje?

Mwigizaji mwingine angesema ni mazoezi, ni Mungu, ni dairekta mzuri. Yeye alisema ukweli. Alisema alimfikiria mtoto wa dada yake, aliyebomoa nyumba ya marehemu mama.

Nilikuwa nimeisikia habari ya nyumba ile zamani. Mama yake alipofariki, nyumba ilibaki tupu, ikaanza kuinama. Mpwa wake, Mwakio, kijana mchangamfu aliyependwa na kila mtu, aliibomoa bila kumwuliza mjomba, akachukua mawe na mabati akajenga kibanda cha duka kando ya barabara. Hakuwa na nia mbaya. Aliona nyumba itaanguka, na mawe ni mawe. Mwigizaji alipopanda Mghange kwa Krismasi alikuta mahali pale pamelimwa. Kabeji zilikuwa zimeota pale kitanda cha mama kilipokuwa. Dada yake alizipika siku ileile. Akazila. Mwakio aliposema, "Mjomba, natumai hukuchukia," alijibu, "Hakuna neno."

Nilimkumbusha hilo siku moja, kwamba kumbe aliwahi kusema uongo. Hakucheka. "Ule haukuwa uongo," alisema. "Sikuwa na neno. Nilikuwa na kitu kingine."

Mahojiano yale ya redio dada yake aliyasikia Mghange, akiwa jikoni. Majirani nao waliyasikia. Mwakio mwenyewe aliyasikia, na nasikia alicheka, akaanza kujisifu dukani kwamba bila yeye mjomba asingekuwa staa. "Mimi ndiye nilimpa ile hasira! Nidai tu haki yangu!" Alikuwa kijana wa aina hiyo.

Kabla mwaka haujaisha, Mwakio alikuwa akirudi na pikipiki kutoka Kasigau, alikokwenda kumwona rafiki. Barabara ile ni mbovu na haina taa. Jua lilikuwa limeshatua, na kwenye kona alikutana na ndovu. Watu wa huko wanajua kwamba ndovu aliyesimama barabarani gizani haonekani. Unachoona ni giza zaidi. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Mimi nimeandika habari za vifo vya aina hiyo zaidi ya kimoja. Ninajua namna vinavyotokea na ninajua havihitaji laana. Lakini nilipoisikia habari hiyo, kabla ya jambo jingine lolote, nilikumbuka maneno ya kwenye kipindi: barabara uliyoichagua haitakufikisha. Kama mimi niliyakumbuka, mama yake Mwakio je?

Mazishi nilihudhuria. Mwigizaji alisimama karibu na kaburi, kofia mkononi, na umati wote haukuwa ukitazama jeneza. Ulikuwa ukimtazama yeye. Walimngojea alie. Mtu ambaye nchi nzima ilimwona akitoa machozi kwa wake wa kuigiza na watoto wa kuigiza alisimama macho makavu mbele ya kaburi la mtoto wa dada yake. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, "Haya, hata chozi." Mwenzake akajibu, "Angelia, ungesema anaigiza." "Ningesema. Lakini alie basi!"

Tulipokuwa tukiteremka kurudi Voi, mwigizaji aliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Machozi yalikuja," alisema. "Kila yalipokaribia, nilijiona nikiyaita. Kama nilivyozoea. Nikayakataa. Nilitaka yaje yenyewe." Akatazama nje ya dirisha hadi tukapita Mwatate. "Hayakuja yenyewe."

Kutoka hapo jina likawa lile moja. Mjini watu hawakumchukia. Pengine ingekuwa afadhali. Walimheshimu kwa namna mbaya. Akina mama waliwaita watoto wao ndani akipita. Wachuuzi walimpa mafungu makubwa wakikwepa macho yake. Mtu mmoja alikuja mpaka ploti yetu kutoka vijiji vya mlima Kasigau, mkulima mwenye adabu aliyepoteza mahindi yake yote kwa ndovu, akaketi uani, akanywa chai, akasema, "Mzee, mimi sitaki mtu adhurike. Nataka tu uwaambie neno hawa wanyama." Hakuwa akifanya mzaha. Mwigizaji alimwelezea kwa muda mrefu, kwa subira, kwamba ile ilikuwa kazi. Yule mkulima alisikiliza yote. "Ndiyo," alisema. "Na kazi yako ni nzuri, ndiyo maana nimekuja."

Alianza kukataa kazi. Kwanza alikataa wahusika wenye hasira, kisha wahusika wazee, kisha akaacha kupokea simu za Nairobi. Njia za shamba la mkonge zikabaki kimya. Aliendelea kutembea huko asubuhi, lakini mdomo umefungwa.

Ujumbe wa dada yake ulikuja mapema, mara baada ya matanga, na ulikuwa wa neno moja: aje atase.

Mimi si Mdawida, si mtu wa milima ile, ikabidi anieleze. Kutasa ni desturi ya wazee wa milimani ya kutoa hasira. Wanaamini hasira ya mtu wa karibu, ikikaa moyoni kimyakimya, inaweza kumdhuru ndugu hata kama mwenyewe hataki. Kwa hiyo unaitoa. Unapiga funda la maji, au pombe ya muwa zamani, unayapuliza nje kama manyunyu, unataja kinachokuchoma, unaomba amani, kisha funda jingine. Maji ni lazima yatoke. Ukiyameza umejirudishia yote. Siku hizi wengi ni watu wa kanisa na hawaifanyi, au wanaifanya bila kuitangaza. Dada yake mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kwaya.

Alikataa. Kwanza alisema yeye ni Mkristo. Nilipomtazama, akabadilisha. "Nikitasa nimekiri," alisema. "Nitakuwa nimesimama mbele ya mamake Mwakio nikasema ni mimi. Na si mimi. Ni ndovu."

"Labda hataki ukiri. Labda anataka tu iondoke."

"Wewe hujui dada yangu."

Katika familia yao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Dada ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao akienda shambani, ndiye aliyeacha shule ili yeye aendelee, na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akimpigia simu kumwuliza amekula nini. Simu hiyo ilikoma. Siku za Jumapili niliyazoea mateso yake: alikaa mlangoni, simu gotini, kuanzia saa ambayo makanisa ya Mghange hutoka mpaka saa ambayo mtu ameshafika nyumbani, ameshapika, ameshalala. Yeye mwenyewe alimpigia dada mara nyingi. Iliita mpaka ikachoka.

Miaka ilikwenda hivyo. Kilichomwinua hatimaye hakikuwa shauri langu. Mjane wa Mwakio, aliyekuwa akiishi na mama mkwe, alimpigia simu kwa siri. Alisema watoto walikuwa wakitazama picha za zamani, na mmoja akaonyesha picha ya mjomba wa baba yao akiwa kijana amesimama na bibi yao mbele ya ile nyumba ya mawe, akauliza, "Huyu ni nani?" Bibi akachukua picha, akaitazama, akasema, "Ni mtu wa TV."

Alinieleza hayo akiwa amesimama uani, taulo begani. "Nimewatumia habari, nitatasa. Tutaenda Jumamosi," alisema. "Kama una nafasi."

Tulikwenda na gari la Probox tuliloliazima kwa mtoto wa Mama Saru. Kutoka joto la Voi unapanda kupitia Mwatate na Wundanyi, na kona baada ya kona hewa inakuwa baridi, mpaka Mghange unakuta watu wamevaa makoti na moshi wa jikoni umelala juu ya mashamba.  Njiani aliniuliza mara moja tu kama shati lake limenyooka, nikamwambia limenyooka.

Dada yake alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, leso kichwani, mikono mapajani. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka. Mzee mmoja jirani aliketi pembeni kama shahidi, na mjane wa Mwakio alisimama mlangoni. Salamu zilikuwa fupi. Mjane akaleta kikombe cha bati chenye maji.

Mwigizaji alipiga magoti. Alichukua funda, akapuliza, manyunyu yakashuka kwenye udongo. Kisha akaanza, kwa Kiswahili, "Kama kuna hasira yoyote iliyobaki moyoni mwangu kwa mtoto wetu..." Na ile sauti ikaja. Ilikuja yenyewe, nzito, iliyopangika, ikajaza ua. Hata jogoo walinyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia.

"Nyamaza," dada yake alisema.

Akanyamaza.

"Hiyo naijua. Niliisikia kwa redio, niliisikia kwa TV. Sitaki hiyo. Lete yako."

"Dada, yangu ndiyo hii."

"Hapana. Wewe kabla watu wa sinema hawajakuchukua ulikuwa na sauti nyembamba, na ulikuwa na kigugumizi. Mimi ndiye nilikuwa naenda dukani na wewe kwa sababu huwezi kutaja sukari. Sema kwa Kidawida. Na usiniambie kama. Uliponilia mwanangu hukusema kama."

Mjane alishuka akaja kusimama karibu nami. Yaliyofuata alinitafsiria kwa kunong'ona, nami nayaandika kama alivyonipa.

 Mtu huyu, ambaye niliwahi kumwona akishika kurasa nzima kwa asubuhi moja, alifungua mdomo na neno likakwama. Akaanza, akarudi nyuma, akaanza tena. Sauti ilikuwa nyembamba. Alitafuta maneno ya lugha ya mama yake kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba alichohama zamani, na mara mbili mzee jirani alimsaidia kwa neno.

Alisema, "Nilikasirika."

Akapiga funda, akapuliza.

Alisema, "Zile kabeji. Zilikuwa pale mama alipolala. Nilizila kwa sababu ni wewe uliyezipika. Zilinikaa hapa."

Funda, akapuliza. Maji mengine yalimwagikia shati.

Alisema, "Mwakio aliniuliza kama nimechukia. Ningemgombeza. Ningempiga hata kofi, mimi ni mjomba wake. Angelia, tungeongea, tungekula, ingekwisha siku ileile. Sikumgombeza."

"Kwa nini?" dada yake akauliza.

 Mjane alinyamaza, na nilidhani amechoka kutafsiri, lakini hakukuwa na la kutafsiri. Kisha mwigizaji alisema kitu kifupi, na mjane akashika mdomo kabla ya kuniambia.

"Amesema: niliiweka. Nilijua ni hasira nzuri. Nilijua iko siku itanifaa kazini."

Alilichukua funda la mwisho, akapuliza, akaweka kikombe chini mbele ya dada yake, akabaki pale magotini ameinamisha kichwa. Alikuwa akilia. Sijui kama aliyaita au yalikuja yenyewe. Hakujaribu kuyafuta.

Dada yake hakumtazama. Alikuwa akitazama bondeni, upande ule ambako siku ya anga safi unaona nyika yote mpaka Kasigau. Mzee jirani alikohoa kidogo, akasema kwa upole kwamba sasa ni zamu yake yeye mama, kwani aliyeudhiwa naye hutasa, ndipo mambo yaishe. "Chukua, dada," mzee alisema. "Toa na wewe chako."

Dada aliinama akachukua kikombe.  Alipiga funda kubwa, mashavu yakajaa, akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu tufike akamtazama ndugu yake machoni. Tulingoja manyunyu. Mjane alikuwa amenishika mkono wa shati bila kujua. Mwigizaji aliinua kichwa, uso wote umelowa, akafumba macho kama mtu anayengoja mvua imguse.

Alikaa na maji yale mdomoni muda mrefu. Nadhani alijaribu. Niliona midomo ikikusanyika, niliona kifua kikivuta pumzi. Kisha koo lake likapanda, likashuka. Akameza.

Mzee jirani alitazama chini.  Dada alikiweka kikombe kando ya kigoda taratibu, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso, akaegemea magoti yake, akasimama. Mwigizaji alikuwa bado amefumba macho.

"Lete chakula, kile kimanga," alimwambia mkwewe, sasa kwa Kiswahili, kwa adabu yote. "Wageni wametoka mbali."

Alisema wageni, kwa wingi. Pale uani mgeni nilikuwa mimi peke yangu.